Sindano Chini ya Kinu

Mwewe alimwazima kuku sindano, kuku akaipoteza, na tangu hapo anapekua ardhi akiitafuta huku mwewe akijilipia vifaranga. Ndivyo Bi Mwanaisha alivyomsimulia Zaituni, mtoto wa kaka yake, naye Zaituni akaichora hadithi yote kwa rangi za maji apate kitabu cha watoto. Leo alikuja kuomba ruhusa ya kukichapisha.

Bi Mwanaisha alifunua kurasa taratibu, kisha akagutuka.

"Hii nini, chini ya kinu?"

"Ncha ya sindano, shangazi."

"Sindano haikuonekana, mwanangu. Ikionekana, kuku anapekua nini? Ifute, au kitabu hiki sikitaki."

Zaituni alichovya brashi kwenye rangi ya udongo.

"Usiifute!" alisema Raya, mjukuu wa Bi Mwanaisha, aliyekuwa akichungulia begani kwa Zaituni. "Kuku haioni kwa sababu ameipa mgongo."

Bibi yake akacheka. "Basi kumbe kuku ni mjinga."

"Si mjinga, bibi. Hajaambiwa."

Raya akatoka kwenda uani, akamkamata kuku mwekundu na kumpeleka penye kinu cha bibi yake. Akachuchumaa, akamgeuza kichwa kwa upole kielekee chini ya kinu.

Bi Mwanaisha alifungua kinywa amkemee, kisha akakitazama kinu. Brashi ilikuwa bado hewani mkononi mwa Zaituni. Bibi akainuka, akaenda uani, akakishika kinu kwa mikono miwili na kuanza kukiinamisha polepole.