Fomu Iliyobaki Drooni

Sista Perpetua ndiye aliyewatibu wagonjwa na kuwafumba macho wafu, lakini sheria ilitaka fomu ya kifo isainiwe na daktari. Kwa hiyo Dakta Ngasa, daktari pekee wa mji, alikuwa akimwachia fomu tupu alizokwisha kuzisaini.

Asubuhi hiyo ilibaki moja. Perpetua aliijaza, akamkabidhi mjane bila kumtazama usoni.

“Karani wa makaburi ataikubali, Sista?”

“Ataikubali, mama. Yeye huangalia sahihi tu.”

Mjane aliisoma yote. Juu, jina la marehemu lilikuwa la mumewe, Dakta Ngasa. Chini, sahihi ilikuwa yake vilevile, na ule mkia wake mrefu.

“Hii aliisaini lini?”

Perpetua aliisukuma droo tupu taratibu, kama afungavyo mlango wa chumba alimolala mgonjwa.