Saa Moja Barazani

Msimu wa homa, wanaume wote hufungiwa ndani. Sisi wanawake virusi hutupitia tu. Wao huwalaza, wengine wasiamke. Kwa hiyo mwanamke akitoka kwa watu, sheria yamtaka akae barazani saa moja, mpaka bangili ya kipimo igeuke kijani.

Jana nilirudi na biriani ya harusini. Mume wangu, Mbwarali, akachungulia dirishani.

“Mama Raya, inapoa hiyo! Unaniadhibu mimi au nyama?”

Nikacheka. Bangili ilikuwa bado nyekundu. Nikaivua, nikaingia, nikamlisha tonge kwa mkono wangu.

Leo asubuhi kaanza kukohoa.

“Pilipili za harusi hizo,” akasema, hanitazami.

“Wapishi walizidisha, baba,” nikamjibu.

Tuliila sote wawili. Haikuwa na pilipili hata chembe.