Maji Katika Muhogo wa Elda

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile Olivier kulizunguka shamba la Elda, na kila mara aliandika kitu kwenye ramani yake.

Elda aliendelea kupalilia muhogo, lakini jicho lake halikumwacha. Olivier alikuwa msanifu wa viwanja vya gofu. Alikuwa ametoka Bujumbura kuufufua uwanja wa zamani wa Minago, ambao Wazungu waliuacha miaka mingi iliyopita ukamezwa na majani na michikichi. Elda alipovuka ziwa kutoka Fizi na wanawe watatu, alijilimia kipande humo. Hakuwa na kingine.

"Amahoro, mama," alisema Olivier. "Mvua ikinyesha, maji yanasimama wapi huku?"

"Unaulizia nini?"

"Nyasi za gofu hazipendi maji. Yakisimama, zinaoza."

"Na shamba langu? Umeandika nini?"

Olivier akakunja ramani. "Bado tunapima, mama. Wakubwa hawajasaini, siwezi kukuahidi kitu."

Mwenye habari njema hafichi karatasi, Elda aliwaza.

Jioni alimweleza jirani yake Riziki. "Juzi alichukua udongo wangu, akaunusa, akacheka na mwenzake. Wanataka kupanda nyasi zao pale pale."

"Umuambie pale iko maji mingi."

"Kumuambia haitoshi. Nitamuonyesha."

Kulipopambazuka alichukua jembe, akaziba mfereji unaoshuka kutoka mlimani, akaupasua ubavuni. Maji yakaingia shambani, yakatambaa kati ya matuta. Muhogo wa upande wa chini ungeoza, hilo alilijua, na lilimuuma kama kidonda. Lakini afadhali apoteze nusu kuliko kufukuzwa kwenye lote. Matuta yalipojaa aliurudisha mfereji kama ulivyokuwa, akafuta alama za miguu yake kwa tawi la mchikichi.

Saa nne Olivier alifika na Lukeba, mpimaji wake. Viatu vyao vikazama.

"Hata kiangazi iko hivi?" Olivier aliuliza, uso umekunjamana.

"Kiangazi, masika, ni vile vile. Hii maji haiishi. Vyura wananinyima usingizi."

Lukeba alichoma chuma ardhini, akatoa udongo mzito wa mfinyanzi. Akauminya. Ulishika maji yake yote, haukuvuja hata tone. Wanaume wale wawili wakatazamana, wakanong'ona kwa Kifaransa. Elda hakusikia vizuri. Alishika mpini wa jembe kwa nguvu.

"Una hakika, mama? Maji hayapotei?"

"Naapa kwa Mungu. Hapa nyasi yenu haiwezi kuota."

Olivier akatabasamu. Elda aliona kwamba wameamini, na kwa mara ya kwanza tangu wageni wale waje, akashusha pumzi.

"Murakoze cane, mama," Olivier alishukuru, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mwezi mzima tunatafuta mahali pasipokauka pa kuchimba bwawa la uwanja."

Akaitandaza ramani juu ya goti. Elda akainama kuisoma. Juu ya shamba lake palikuwa pameandikwa kwa penseli: *Muhogo wa Mama Elda. Usiguswe.*

Olivier akatoa kifutio mfukoni.