Mikono ya Hasina

Hasina alipangusa kidole kiganjani kama anayewasha kiberiti, kisha akainua mikono yote miwili, vidole vikicheza kama moshi.

"Anasema alimwona mtu akiwasha moto," Nuriya alimwambia hakimu.

Hasina hajasikia sauti wala kutamka neno tangu kuzaliwa. Mkalimani wa lugha ya ishara alikuwa ameletwa hapa mahakamani Garsen, akashindwa. Hasina hakusoma shule. Mikono yake ilifuata lugha waliyoiunda wenyewe, yeye na dada yake Nuriya, utotoni huko Idsowe. Hakuna mwingine aliyeijua. Basi Nuriya aliapishwa kwa Msahafu kwamba atatafsiri kweli tupu.

Kizimbani alisimama Harith, mwenye duka, shati lake la kijani limemganda mgongoni kwa jasho. Ghala la mpunga la akina mama wa Idsowe lilikuwa limeteketea. Akipatikana na hatia, angezeekea gerezani.

"Muulize kama mtu huyo yuko hapa," hakimu alisema.

Mikono ya Nuriya ilikwenda upesi. Hasina akatazama huku na huku, akanyoosha kidole kwenye shati la kijani.

"Uongo!" Harith alipiga kelele. "Idsowe sijatia mguu mwaka mzima! Huyu Nuriya ananichukia!"

Wakili wake akasimama. "Bi Nuriya, mumeo alifungwa kwa ushahidi wa Harith. Sivyo?"

"Ndivyo. Katika chumba hiki hiki. Harith aliapa kwamba alimwona Mohamed akivunja duka lake. Mohamed akafia ndani. Baadaye mwizi mwenyewe akakamatwa."

"Kwa hiyo una chuki."

"Chuki ni yangu, wakili. Macho ni ya mdogo wangu."

Watu waliokaa nyuma walinong'ona. Mzee mmoja akasema, "Haki ya Mungu," akanyamazishwa.

"Mheshimiwa," wakili alisema, "ushahidi huu ni fabricated."

"Sema kwa Kiswahili. Shahidi naye aelezwe."

Wakili akarekebisha tai. Alionekana kulipenda neno lake. "Asili yake ni Kilatini, Mheshimiwa: karakana ya fundi. Fundi huchukua mbao na misumari, akaunda kitu ambacho hakikuwapo. Ushahidi huu nao umeundwa."

Nuriya akamgeukia Hasina, ngumi yake ikigonga hewani kama nyundo. Hasina akatabasamu, akafungua na kufunga viganja mara kadhaa.

"Anasema mbao hana, misumari hana," Nuriya alisema taratibu. "Ana macho tu."

Chumba kizima kikacheka. Hata hakimu aliinamisha uso.

Alasiri Harith alitiwa hatiani. Alipopitishwa mbele yao na pingu mikononi, machozi yakimtiririka, Nuriya alimsogelea.

"Nisalimie kuta za Mohamed," alimwambia.

Nje, wakisubiri bodaboda ya kuwarudisha Idsowe, Hasina alimvuta dada yake mkono. Alifungua na kufunga viganja, akagonga nyundo hewani: fundi wa mlango wetu anakuja lini? Kisha akapangusa kidole kiganjani, akainua moshi, akakunja uso: na mbona uliniuliza mbele za watu jinsi ninavyowasha jiko?

Hasina akagusa kifua chake mahali pa shati, akaonyesha machozi mashavuni.

Yule wa kijani, mikono yake iliuliza, ni nani?