Namba za Wachangiaji Damu

Makro, programu fupi ambayo Stara, karani wa hospitali, aliiandikia jedwali lake la kompyuta, hubadilisha sifa yoyote ya seli, yaani kisanduku cha jedwali, ukiitaja kwa jina. Alitaka namba za simu za wachangiaji wa damu ya kundi O hasi ziwe nyekundu, rangi ambayo kwenye kompyuta ni 255. Kwa haraka aliandika "Thamani" badala ya "Rangi".

Namba zote zikageuka 255. Alibonyeza kutendua, hazikurudi; kinachofanywa na makro hakitenduliki.

Muuguzi alisimama mlangoni, glavu zimelowa damu ya mama aliyetoka kujifungua. "Tumpigie nani, mdogo wangu? Hali yake mbaya."

"Zimefutika zote, dada."

Kidole kiliendelea kubonyeza. Kisha Stara akatoka mbio, akavuka barabara hadi mnadani, wafugaji wa Chemba walikokuwa wakiuza ng'ombe, akampokonya dalali kipaza sauti.

"Jamani, nani hapa anajua kundi lake la damu?"