Keza Ameruhusiwa

"Mwezi huu wodi ya watoto wakimbizi haikupoteza mtoto hata mmoja," mganga mkuu aliwaambia wageni waliotoka Bukoba, akanikabidhi cheti cha muuguzi bora.

Makofi yakiendelea, nilikwenda mezani nikafungua daftari la wagonjwa.

Mbele ya jina la Keza, mtoto wa wodi hiyo, mwezi huu huu nilikuwa nimeandika mwenyewe "amefariki", baada ya kumfumba macho. Sasa karatasi ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe hadi inapitisha mwanga, na juu yake pameandikwa "ameruhusiwa".

Metroni alikuwa amesimama nyuma yangu. Kidole gumba chake kilikuwa na plasta mpya.

"Sista, njoo upigwe picha na cheti chako," alisema. "Hilo daftari liache."

Nililikumbatia, nikaenda nalo kwa wageni.