Mguu wa Kukanyaga Breki

Usukani ulianza kuwa mzito asubuhi, na Mzee Sengondo alipoukaribia mji, breki nazo zikawa ngumu. Alilisimamisha kando ya barabara lile basi kuukuu ambalo yeye na mkewe waliligeuza nyumba, akayawekea magurudumu mawe.

Ugonjwa wenyewe aliujua. Katika basi lile pampu moja ilisaidia usukani na breki pia, kwa hiyo mafuta yake yalikuwa yakivuja mahali fulani. Lakini ili kupaona, ilibidi mmoja alale uvunguni na mwingine akanyage breki. Miaka yote aliyekanyaga alikuwa mkewe, Nambua, na Nambua alizikwa kabla ya masika.

Alikaa muda mrefu kwenye ngazi ya basi. Hatimaye akamwendea mwanamke aliyekuwa akianika nguo ng'ambo ya barabara.

"Mama, samahani. Naomba unikanyagie breki. Niko peke yangu."

"Mimi gari silijui, baba."

"Nitakuelekeza."

Mwanamke akajifuta mikono kwa kanga, akapanda. Sengondo akawasha injini, akamwonyesha pedali, akaingia uvunguni.

"Nikanyage?"

"Kanyaga."

Mafuta yakachirizika kutoka kwenye mpira uliopasuka, yakamdondokea shavuni. Alikuwa amekwisha kupaona mahali palipovuja.

"Niachie sasa, baba?"

"Bado kidogo," akasema.

Hakuyafuta yale mafuta. Alilala akisikiliza mbao za sakafu zikilia taratibu juu yake, kwa uzito wa mtu.